Utafiti wa Elektroniki Ndogo katika Idara ya Uhandisi wa Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo wanafunzi wapya, wazazi wao na hata wahadhiri wa idara jirani hurudia kuyauliza kuhusu kazi ya vyuo vikuu ya kupunguza ukubwa wa vifaa vya elektroniki. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Je, uhandisi wa umeme si nguzo, nyaya na transfoma? Unahusikaje na vitu visivyoonekana kwa macho?

Nguzo na transfoma ni tawi moja la fani hii, lile linalotumia umeme kubeba nishati. Tawi la pili hutumia umeme kubeba taarifa, na kwa kuwa taarifa haina uzito wala ukubwa wake yenyewe, kifaa kinachoibeba kinaweza kupunguzwa hadi pale maumbile ya mata yatakapogoma. Ndiyo maana idara moja inaweza kuwa na mtu anayeshughulika na njia za umeme za kilovolti 400 na mwingine, mlango wa pili, anayeshughulika na transista, yaani swichi ndogo ya umeme isiyo na sehemu inayosogea, inayofanya kazi kwa volti 0.7.

Wengine huuliza kama kazi hii si ya wanafizikia. Mpaka upo, ingawa ni mwembamba: mwanafizikia hutaka kujua kwa nini elektroni hupenya kwenye kizio chembamba mno, ilhali mhandisi hutaka transista bilioni moja zinazofanana, zote zifanye kazi, na ziendelee kufanya kazi miaka kumi baadaye.

2. Udogo unaozungumziwa ni wa kiasi gani?

Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 50 hadi 100. Rezista ndogo zinazobandikwa kwenye bodi za saketi zinafikia milimita 0.4 kwa 0.2, yaani punje ambayo jicho bado linaiona lakini vidole haviwezi kuishika. Mitambo midogo ya silikoni, kama vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya simu, ina sehemu zenye upana wa maikromita chache. Transista za kisasa zina sehemu zinazopimwa kwa nanomita, na kila nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mpangilio wa atomi katika fuwele ya silikoni hujirudia kila baada ya nanomita 0.543, kwa hiyo katika nanomita tano mpangilio huo hujirudia mara tisa tu.

3. Kwa nini watu walihangaika kupunguza ukubwa? Je, ni kwa ajili ya vifaa vinavyobebeka tu?

Kubebeka ni faida iliyokuja baadaye. Transista ya kwanza ilionyeshwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947 na John Bardeen na Walter Brattain, wakiwa katika kundi la William Shockley, na watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Tatizo lililofuata lilikuwa la nyaya: kadiri mashine ilivyohitaji transista nyingi, ndivyo viungio vya kulehemu kwa mkono vilivyoongezeka, na kiungio kimoja kibovu kilitosha kuizima mashine nzima. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha vijenzi kadhaa vilivyotengenezwa katika kipande kimoja cha semikondakta, yaani mata kama silikoni ambayo upitishaji wake wa umeme unaweza kudhibitiwa, na mwaka 1959 Robert Noyce wa Fairchild akabuni namna ya kuviunganisha kwa mistari ya metali iliyolazwa juu ya silikoni yenyewe. Hapo ndipo chipu ilipozaliwa, na sababu yake ya kwanza ilikuwa kutegemeka.

Faida kubwa zaidi iliwekwa wazi kwa hesabu. Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya vijenzi katika chipu ingeongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha muda huo kuwa miaka miwili. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza vipimo vyote vya transista pamoja na volteji yake kwa kiwango kilekile, transista huwa ya kasi zaidi, hutumia umeme kidogo zaidi, na joto linalotolewa na kila milimita ya mraba ya chipu halibadiliki. Kwa lugha nyepesi, udogo ulileta kasi, unafuu na wingi kwa pamoja, bila kudai fidia mahali pengine. Ni nadra sana katika uhandisi kupata mambo matatu mazuri kwa mkupuo mmoja.

Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi. Chipu ya M1 ya Apple ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Hata hivyo, unafuu ule alioueleza Dennard ulikatika katikati ya miaka ya 2000, na sababu zake zimo katika Swali la 7.

4. Chipu inapoitwa "ya nanomita 3", ni kitu gani hasa chenye nanomita 3?

Hakuna. Zamani namba hiyo ilikaribiana na urefu wa lango la transista (sehemu inayoiwasha na kuizima) au nusu ya umbali kati ya mistari ya metali, lakini kwa zaidi ya miongo miwili imekuwa jina la kizazi cha teknolojia. Umbali kutoka lango moja hadi jingine katika chipu hizo bado ni makumi ya nanomita. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ataje vipimo halisi na aliache jina la kibiashara kwa wauzaji.

## Yanayotafitiwa

5. Ikiwa viwanda vikubwa vimetangulia mbali, idara ya chuo kikuu imebaki na nini cha kutafiti?

Ni kweli kwamba hakuna chuo kinachoshindana na kiwanda katika kuchora mistari myembamba kabisa. Mashine za kisasa za kuchora hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, unaopatikana kwa kupiga matone ya bati kwa leza mara 50,000 hivi kwa sekunde, na bei yake ni mzigo hata kwa kampuni kubwa. Lakini kiwanda kina kizuizi ambacho chuo hakina: hakiwezi kutumia miaka kumi kwa wazo ambalo huenda lisifaulu.

Mfano mzuri ni transista yenye umbo la pezi, ambamo lango hukumbatia mkanda wa silikoni kutoka pande tatu. Kundi la Chenming Hu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liliitafiti mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo hakuna aliyeihitaji sokoni. Intel ilitangaza kuitumia katika uzalishaji mwaka 2011. Programu ya SPICE, ambayo vizazi vyake bado hutumika duniani kote kuiga saketi kabla ya kuzijenga, nayo ilitoka Berkeley mwaka 1973.

Kwa hiyo utafiti wa vyuo hujikita katika maeneo kama mata mpya, maumbo mapya ya transista, saketi za analogi na za redio, vihisi, vifaa vya kupandikiza mwilini, na namna ya kuunganisha vitu hivyo vyote katika kifaa kimoja. Kwa maoni yetu eneo la mwisho ndilo lenye utajiri mkubwa wa maswali ingawa ndilo wanafunzi hulikimbia, na Swali la 6 linaeleza kwa nini.

6. Transista zimepungua mara maelfu. Kwa nini betri, antena na saketi za kupima hazikupungua kwa kiasi hicho?

Hili lingestahili kuwa swali la kwanza, kwa sababu anayelielewa ameelewa nusu ya taaluma nzima. Transista ya dijitali inatakiwa kutofautisha hali mbili tu, ndiyo na hapana, na kazi hiyo haidai ukubwa maalumu. Vijenzi vingine vimefungwa na sheria ambazo ukubwa umo ndani yake.

Chukua betri. Nishati yake hutegemea ujazo, na ujazo hupungua kwa kasi kuliko urefu: betri iliyopunguzwa mara 10 kwa kila upande hubaki na sehemu moja ya elfu ya ujazo wa awali. Ganda lake, ambalo halihifadhi nishati yoyote, haliwezi kupungua kwa kiwango hicho bila kuvuja, kwa hiyo kadiri betri inavyopungua ndivyo ganda linavyomeza sehemu kubwa zaidi ya nafasi iliyobaki.

Antena hufungwa na urefu wa wimbi. Katika masafa ya gigahezi 2.4 wimbi lina urefu wa sentimita 12.5, na antena ya robo ya wimbi huhitaji takriban sentimita 3. Inaweza kukunjwa, lakini Harold Wheeler mwaka 1947 na L. J. Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena iliyo ndogo sana ikilinganishwa na wimbi lake hupoteza upana wa masafa, na kikomo hicho hakivunjwi kwa ubunifu wa umbo peke yake. Ukipandisha masafa ili wimbi liwe fupi, nao mwili wa binadamu na kuta hunyonya mawimbi hayo zaidi.

Saketi za kupima hufungwa na kelele ya joto. Kapasita, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme, ya pikofaradi 1 katika joto la kawaida la chumba hubeba kelele ya takriban maikrovolti 64, na ili kuipunguza kwa nusu ni lazima kapasita ikuzwe mara nne. Aidha, transista mbili zilizochorwa sawa hazitoki sawa kiwandani, na tofauti kati yake hukua kadiri eneo lake linavyopungua. Mbunifu wa saketi ya kukuza mawimbi ya ubongo, kwa mfano, hulazimika kuchora transista kubwa kwa makusudi ndani ya chipu yenye uwezo wa transista ndogo kabisa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza kifaa cha kukokotoa chenye upande wa milimita 0.3, chembamba kuliko punje ya mchele. Kwa kuwa hakikuwa na nafasi ya antena ya kawaida, kilipokea na kutuma taarifa kwa mwanga, na nishati yake ilitokana na mwanga vilevile. Umeme ukikatika, kilipoteza programu na data yake yote, na watafiti wenyewe walikiri kwamba kama kiitwe kompyuta au la ni suala la mjadala. Humo mnaonekana wazi kilichokubali kupungua na kilichokataa.

7. Kwa nini joto linatajwa katika kila mhadhara?

Kwa sababu ndilo lililosimamisha mbio za kasi. Ili transista izimike ipasavyo, volteji ya lango inatakiwa kushuka angalau milivolti 60 kwa kila upungufu wa mkondo wa mara kumi, kikomo kinachotokana na joto la chumba na wala si na uzembe wa mbunifu. Volteji ya kuendeshea chipu ilipokaribia volti 1, kuendelea kuipunguza kukawa na maana ya kuziacha transista zikivujisha mkondo hata zikiwa zimezimwa. Wakati huohuo tabaka la kizio chini ya lango lilikuwa limefikia unene wa nanomita 1.2 hivi, yaani atomi chache tu, na elektroni zikawa zinapenya humo. Mwaka 2007 Intel ilianza kuuza chipu zenye kizio cha hafniamu, kinachoweza kuwa kinene zaidi huku kikifanya kazi ileile, jambo lililopunguza mvujo wa langoni lakini halikurudisha unafuu wa zamani. Ndiyo maana kasi ya prosesa imekwama kwenye gigahezi chache na badala yake idadi ya viini vya kukokotoa ndiyo inayoongezeka.

8. Utafiti wa vifaa vya kupandikiza mwilini una ugumu gani wa pekee?

Ugumu wote wa Swali la 6 hukutana hapo, na mwili huongeza mengine. Maji ya chumvi hupenya kila ufa. Tishu hujeruhiwa na joto, kiasi kwamba kupanda kwa nyuzi chache tu za Selsiasi hakuvumiliki. Na betri haibadilishwi bila upasuaji. Makundi mengi hupeleka nishati kupitia ngozi kwa koili mbili zilizoelekezana au kwa mawimbi ya sauti. Utafiti wa aina hii hauanzi bila idhini ya kamati ya maadili na ushirikiano na matabibu, na mwanafunzi aihesabu miezi ya kusubiri idhini hiyo katika ratiba yake.

9. Je, silikoni imefika mwisho?

Hapana, ingawa imepata wenzake. Nanomirija ya kaboni ilitumiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2013 kujenga kompyuta ya transista 178, na mwaka 2019 watafiti wa MIT wakaonyesha prosesa yenye zaidi ya transista 14,000 za mata hiyo. Grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, iliyowapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010, ina kasoro kubwa kwa saketi za dijitali: haizimiki vizuri. Nitraidi ya galiamu nayo imekwisha kuingia sokoni. Kwa kuwa transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa bila upotevu mwingi, koili na kapasita zinazoambatana nazo zinaweza kuwa ndogo, na ndiyo sababu chaja za karibuni zimepungua ukubwa. Hapo watu wa nguzo na transfoma wa Swali la 1 na watu wa chipu hujikuta kwenye meza moja.

## Maabara

10. Chumba safi ni nini, na kwa nini taa zake ni za njano?

Ni chumba ambacho hewa yake huchujwa mfululizo ili vumbi lisitue juu ya kisahani cha silikoni, kwani chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko transista nyingi zikiwekwa pamoja. Katika daraja la 5 la viwango vya ISO, mita moja ya ujazo ya hewa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 zenye ukubwa wa maikromita 0.5 au zaidi. Chanzo kikubwa cha uchafu humo ni binadamu mwenyewe, ngozi na nywele zake, na vazi linalomfunika kutoka kichwani hadi miguuni humkinga mhandisi kidogo tu: linachokinga hasa ni silikoni.

Taa ni za njano kwa sababu michoro huhamishiwa kwenye kisahani kwa kemikali inayobadilika ikipigwa na mwanga wa buluu au wa urujuanimno. Mwanga wa kawaida ungeiharibu kabla ya kazi kuanza.

11. Je, kuna hatari?

Zipo, na hazifanyiwi mzaha. Asidi ya hidrofloriki, inayotumika kuondoa oksidi ya silikoni, hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili, na maumivu yake yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu jeli ya kalsiamu glukoneti huwekwa karibu na kila meza inapotumika, na aliyeguswa hata na tone dogo hupelekwa hospitali. Gesi ya silani huwaka yenyewe inapokutana na hewa. Hakuna anayeruhusiwa kuingia bila mafunzo, na hakuna anayeruhusiwa kushika kemikali akiwa peke yake.

12. Idara isiyo na chumba safi inaweza kufanya utafiti wa maana?

Inaweza, na nyingi hufanya hivyo. Mwaka 1978 Lynn Conway alifundisha kozi ya ubunifu wa chipu MIT ambamo michoro ya wanafunzi ilikusanywa, ikatengenezwa kwa pamoja kiwandani, na chipu zikarudishwa kwao. Njia hiyo ya kushiriki kisahani kimoja ilirasmishwa Marekani mwaka 1981 kupitia huduma ya MOSIS, na sasa ina huduma za namna yake katika mabara kadhaa. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater walifungua bure kanuni za kubunia za teknolojia ya nanomita 130, ambazo awali zingedai mkataba wa usiri. Kinachohitajika ni kompyuta, programu za kuiga saketi, meza nzuri ya vipimo na subira, maana kati ya kutuma mchoro na kupokea chipu hupita miezi.

## Masomo

13. Nisome nini ili niingie katika utafiti huu?

Hisabati ya kalkulasi na ya matriki, nadharia ya saketi, fizikia ya semikondakta, na sumaku-umeme. Wanafunzi wengi huliona somo la mwisho kuwa gumu na la zamani, kisha hulirudia kwa majuto siku antena yao inapokataa kuingia kwenye kifaa (Swali la 6). Kuandika programu ni lazima, kwani vipimo vingi huendeshwa kwa kompyuta. Mwenye shahada ya fizikia au ya kemia hupokelewa katika makundi mengi, ila hutakiwa kufidia nadharia ya saketi.

14. Nitachaguaje kati ya kubuni saketi na kutengeneza vifaa?

Jiulize unavumilia kushindwa kwa aina gani. Katika kutengeneza vifaa utashindwa mara kwa mara kwa sababu ndogo, kama vile kisahani kuvunjika au joko kupotoka nyuzi kadhaa, nawe hurudia wiki hiyohiyo. Katika kubuni saketi hushindwi mara nyingi, lakini kosa moja hugundulika baada ya nusu mwaka.

## Maswali ya pembeni

15. Nimeagiza rezista za 0402 zimekuja ndogo mno. Je, nimetapeliwa?

Yamkini hukutapeliwa. Kuna mifumo miwili ya namba, mmoja wa inchi na mmoja wa milimita. Kwa inchi, 0402 ni milimita 1.0 kwa 0.5, kwa milimita, 0402 ni milimita 0.4 kwa 0.2, ambayo kwa inchi huitwa 01005. Soma vipimo vilivyoandikwa kwenye jedwali la kijenzi kabla ya kuagiza.

16. Uvumbuzi ukipatikana, hataza ni ya nani?

Hutegemea kanuni za chuo na mkataba wa mfadhili. Jambo la kukumbuka ni kwamba katika nchi nyingi kuchapisha au kuwasilisha matokeo hadharani kabla ya kuomba hataza huondoa haki hiyo, kwa hiyo zungumza na msimamizi wako kabla ya mkutano wa kitaaluma.

17. Chipu yangu imerudi kutoka kiwandani na haifanyi kazi. Je, tasnifu yangu imekufa?

Kabla ya kuilaumu chipu, pima vilivyo nje yake: volteji zinazofika kwenye miguu ya chipu yenyewe badala ya zile za kwenye chanzo, nyuzi za dhahabu zinazoiunganisha na ganda, na uwezekano kwamba umeme tuli uliiunguza mezani. Pima chipu zaidi ya moja. Ikiwa zote zina kasoro ileile, kosa limo katika mchoro. Ikiwa zinatofautiana, tafuta katika ufungaji au utengenezaji.

Mara nyingi sehemu moja ndiyo iliyokufa na nyingine ziko hai, na hapo ndipo hufahamika kama mbunifu aliweka sehemu za kupimia ndani ya saketi na njia ya kuruka kila kipande kwa mawimbi ya kutoka nje. Aliyeziweka huweza kupima vipande vyake kimoja kimoja na kuandika matokeo halali. Baadhi ya makosa ya waya mmoja hurekebishwa kwa boriti ya ioni inayokata na kuunganisha metali ndani ya chipu, kwa gharama kubwa na kwa chipu chache tu. Watahini hukubali kifaa kilichoshindwa ikiwa sababu ya kushindwa imepimwa, imeigwa kwenye kompyuta, na vipimo na uigaji vikakubaliana. Wasichokubali ni sura inayosema kwamba "huenda" tatizo lilikuwa la kiwandani.